Miaka Mitano Isiyosimuliwa

Ipo hadithi inayouzwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe kama yanavyouzwa mafungu ya karafuu na mdalasini: mtoto alizaliwa Unguja, akajaaliwa sauti, akaenda Ulaya, na ulimwengu mzima ukampigia makofi. Hadithi hiyo ni fupi, yapendeza, na mtembeza wageni huweza kuimaliza kabla kundi lake halijatoka Shangani likafika Forodhani. Ila yake ni moja tu, nayo si ndogo: imekiruka kila kitu kilicholifanya jina la Freddie Mercury listahili kutajwa. Imeushika mwanzo na mwisho, ikalitupa lililo katikati.

Lililo katikati ni miaka mitano, tangu 1970 hadi 1975, ambayo vijana wanne jijini London waliitumia kuijenga bendi iitwayo Queen. Ni miaka ya mazoezi yasiyo na hadhira, ya kurekodi usiku wa manane, ya santuri isiyonunuliwa, ya maradhi, ya mkataba mzito na ya deni. Mwenye kuifuatilia miaka hiyo kwa makini hawezi tena kusema kuwa muziki ule ulidondoka kutoka juu ukamwangukia mteule mmoja. Na hapo ndipo penye ugomvi, kwani imani hiyo ya mteule na kipaji chake haikuishia kwa mwanamuziki huyo. Imeenea visiwani na katika mwambao wote, imeingia katika ushairi na katika taarabu, na inawagharimu vijana wenye vipaji vya kweli.

Yafaa kwanza zitajwe kambi mbili zinazoligombania jina hilo. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Unguja ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Mercury. Jumuiya moja ya Kiislamu ikaipinga kwa kauli kali, ikisema kuwa mtu aliyejulikana kwa mapenzi ya jinsia moja hawezi kufanywa fahari ya Zanzibar, na sherehe ikavunjwa. Mwaka 2019 nyumba ya Shangani inayohusishwa na familia yake ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kambi moja yamtaka kwa kuwa alizaliwa hapa. Nyingine yamkataa kwa namna alivyoishi. Kwa kuzitazama tu mtu atadhani kuwa hazina linalozikutanisha, kumbe zimeafikiana katika jambo kubwa: hapana hata moja iliyouliza mtu huyu alifanya kazi gani, kwa muda gani, pamoja na nani, na kwa malipo gani. Msanii asiyeulizwa kazi yake amekwisha kugeuzwa ama bidhaa ama kisingizio.

Ukweli wa kuzaliwa kwake haufichiki, wala hakuna haja ya kuupunguza. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi wa dini ya Zoroasta. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa skuli ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India, akiwa na umri wa miaka minane, na huko ndiko alikosomea piano na kuingia katika bendi yake ya kwanza ya wanafunzi, The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963; mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari, familia ikahamia Uingereza na kukaa Feltham, magharibi mwa London.

Hesabu yake ni nyepesi: utoto wa miaka minane na kipindi kifupi cha ujana. Kisiwa kina haki ya kusema kuwa kilimzaa. Haki ya kusema kuwa kiliutunga muziki wake hakina. Wapo wanaoling'ang'ania neno moja la Kiarabu, lile ambalo kila Mwislamu huanza nalo shughuli yake, kwa kuwa linasikika katika "Bohemian Rhapsody", wakalifanya hati ya umiliki. Lakini humo humo wanatajwa Galileo na Figaro. Ikiwa neno moja latosha kuthibitisha nasaba ya wimbo, basi Wataliano wana hoja yenye nguvu zaidi kuliko Wazanzibari.

Sasa na itazamwe miaka yenyewe.

Queen haikuanza na Mercury. Mwaka 1968 Brian May, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo cha Imperial, na Tim Staffell, mwanafunzi wa sanaa katika Chuo cha Ealing, waliunda kundi la Smile, wakamchukua Roger Taylor, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, awe mpiga ngoma. Gitaa la May lilikuwa la kutengenezwa nyumbani: yeye na baba yake walianza kulichonga mwaka 1963, na shingo yake ilitokana na ubao mkongwe uliopamba meko ya kuotea moto. Smile walipata mkataba wa kurekodi mwaka 1969, wakatoa santuri moja iliyouzwa Marekani peke yake, nayo ikapita kimya. Mwanzoni mwa mwaka 1970 Staffell akajitoa.

Wakati huo Bulsara alikuwa rafiki yao, mfuasi wao na mkosoaji wao. Alisoma Ealing pamoja na Staffell, akahitimu sanaa ya michoro mwaka 1969. Alikwisha kuimba na Ibex, kundi la Liverpool lililobadilisha jina likawa Wreckage, kisha akaimba na Sour Milk Sea; hakuna kati ya makundi hayo lililodumu. Riziki yake na ya Taylor ilikuwa kibanda cha nguo katika soko la Kensington. Koo lililokuja kuujaza uwanja wa Wembley mwaka 1985 ndilo hilo hilo lililokuwapo Bolton mwaka 1969 katika onyesho la Ibex, na hapana aliyegeuza shingo. Laiti kipaji peke yake kingetosha, Ibex ingekuwa leo ndiyo bendi ya kusimuliwa.

Tarehe 27 Juni 1970 vijana hao walipanda jukwaani mjini Truro, Cornwall, katika onyesho la kuchangia Msalaba Mwekundu lililopangwa na mama yake Taylor. Tangazo lilikuwa bado na jina la Smile. Jina la Queen alilitoa Bulsara, na zama hizo hizo ndipo naye alipojiita Mercury. Nembo ya bendi aliichora mwenyewe kwa elimu aliyoipata Ealing: simba wawili, kaa mmoja na mabikira wawili wenye mbawa, kwa nyota za kuzaliwa za watu wanne. Watu wanne, si mmoja. Mwenye kalamu alijua alichokuwa akikichora.

Huyo wa nne hakupatikana kwa urahisi. Wapiga gitaa la besi watatu walijaribiwa na kuondoka kabla ya John Deacon, mwanafunzi wa elektroniki mwenye umri wa miaka 19, kukubaliwa mwaka 1971. Sinema ya "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 2018 imemweka Deacon jukwaani tangu siku ya kwanza, na imemwonyesha Mercury akiwatokea May na Taylor usiku ule ule walioachwa na Staffell, akiimba ubeti mmoja katika maegesho ya magari na kuchukuliwa papo hapo. Sinema hiyo ilipata tuzo nne za Oscar, na yamkini imefundisha watu wengi zaidi kuliko vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya bendi hiyo. Ilichowafundisha ni kuwa urafiki wa muda mrefu na mwaka mzima wa kutafutana vyaweza kumalizwa kwa dakika chache.

Baada ya Deacon kuingia, bendi ilifanya jambo ambalo vijana wenye pupa huliona kuwa ni upotevu wa wakati: ilijifungia. Maonyesho yalikuwa machache, mengi yao vyuoni, na mazoezi yalikuwa mengi, katika vyumba vya Chuo cha Imperial. Masomo nayo hayakuachwa. May alikuwa akichunguza vumbi lililomo baina ya sayari. Tasnifu yake aliiweka kando mwaka 1974 na kuikamilisha mwaka 2007, baada ya zaidi ya miaka 30. Mtu wa namna hiyo hakuwa akisubiri kushukiwa na chochote. Alikuwa amezoea kupima, kufuta na kupima tena.

Mwaka huo huo wa 1971 ukapatikana mlango. Studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya huko Wembley na ilihitaji bendi ya kupiga kwa nguvu ili mafundi waijaribu mitambo na kuta zao. Queen wakakubali kuwa wapigaji wa kujaribiwa, na ujira wao ukawa kurekodi nyimbo tano bila ya kulipa. Katika sinema vijana hao huuza gari lao ili wapate fedha za studio. Uongo huo ni mdogo, lakini una maana yake: sinema imelipenda tendo moja la ushujaa kuliko kibarua cha siku nyingi. Hadithi za vichochoroni zina ugonjwa huo huo.

Kanda ya nyimbo hizo tano ilizungushwa kwa makampuni bila ya kupata mnunuzi wa kuwaridhisha, hadi kampuni ya Trident, iliyomiliki studio kubwa ya London, ilipowachukua. Novemba 1972 mkataba ukatiwa saini. Hapa ndipo penye somo ambalo halitajwi kamwe na wauza hadithi. Trident ilikuwa meneja wa bendi, mchapishaji wa tungo zake na mrekodi wa santuri zake kwa wakati mmoja. Meneja ndiye anayepaswa kumdai mrekodi na mchapishaji kwa niaba ya msanii. Je, atamdai nani ikiwa mrekodi na mchapishaji ni yeye mwenyewe? Albamu ya kwanza ilirekodiwa katika saa ambazo studio haikuwa na mteja mwingine, aghalabu usiku mpaka alfajiri. Wenye fedha walipokwenda kulala, Queen waliingia kazini.

Albamu hiyo ilitoka tarehe 13 Julai 1973. Wimbo uliotangulizwa wiki moja kabla, "Keep Yourself Alive", haukuingia katika orodha ya nyimbo zinazouzwa Uingereza. Wahakiki wengi wa magazeti ya muziki waliwapuuza au kuwakejeli. Juu ya majalada ya albamu zao za awali bendi ilitia tangazo kuwa hakikutumika kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti za bandia. Wasikilizaji wasingeamini kuwa milio ile ilitokana na gitaa la kuchongwa nyumbani, lililorekodiwa tabaka juu ya tabaka kwa mkono wa mtu mmoja. Tangazo hilo lilikuwa dai la mafundi wanaotaka kazi yao ihesabiwe.

Februari 1974 ikaja bahati. Kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kilikosa filamu ya David Bowie kilichoitarajia, na Queen wakaitwa kuziba pengo. Wimbo wao wa "Seven Seas of Rhye" ukapanda hadi nafasi ya 10. Wapenda majaaliwa watashangilia hapo: hiyo ndiyo kudra! Na iwe kudra. Lakini kudra hiyo ilibisha hodi ikamkuta mwenye nyumba yu macho: bendi iliyofanya mazoezi miaka mitatu ikiwa na watu wale wale wanne, na wimbo uliokwisha kurekodiwa na kusubiri. Makundi mangapi yameitwa usiku na asubuhi hayakuwa na cha kuonyesha?

Miezi michache baadaye, wakiwa katika ziara ya Marekani kama watangulizi wa Mott the Hoople, May aliugua homa ya ini na ziara ikakatizwa. Aliporejea nyumbani akapatwa na vidonda vya tumbo. Wenzake watatu wakaingia studio bila yeye, wakatunga, wakarekodi, na katika kanda wakaacha nafasi tupu za gitaa lake. Alipopata nguvu akaja kuzijaza. Albamu hiyo, "Sheer Heart Attack", ilitoka Novemba 1974, na wimbo wake wa "Killer Queen" ukafika nafasi ya 2 Uingereza. Msomaji wa mashairi na azingatie nafasi hizo tupu katika kanda. Hakuna ushahidi bora kuwa kazi ile ilikuwa ya kundi: hata mgonjwa aliyelala hospitali alikuwa na mahali pake palipohifadhiwa.

Pamoja na mafanikio hayo, kila mmoja wao alikuwa akipokea mshahara wa pauni 60 kwa wiki. Nyimbo zilisikika redioni, na mnamo Aprili 1975 umati wa mashabiki uliwapokea uwanja wa ndege wa Tokyo. Waliporudi London walikuwa wapangaji wa vyumba duni. Wanabendi wamesimulia tangu hapo kuwa Deacon, aliyekuwa akitarajia mtoto, alinyimwa fedha za kutangulizia nyumba, na kuwa Taylor aliambiwa asizipige ngoma kwa nguvu asije akavunja vijiti. Trident nao walidai, na dai lao halikuwa tupu, kuwa walikwisha kutia fedha nyingi katika studio, vyombo na safari kabla ya faida yoyote kuonekana. Lakini ndivyo ulivyo mkataba wa namna hiyo: mwenye mali huandika gharama katika daftari lake mwenyewe, na msanii hungojea kuambiwa amebakiwa na nini.

Mwokozi wao hakuwa mtunzi wala mwimbaji. Alikuwa mwanasheria, Jim Beach. Agosti 1975 Queen waliachana na Trident kwa kukubali kulipa pauni 100,000 pamoja na asilimia moja ya mapato ya albamu sita zitakazofuata. Walitoka katika mkataba huo wakiwa hawana fedha, ila wakiwa na mamlaka juu ya kazi yao. Albamu ya mwaka huo, "A Night at the Opera", inafunguliwa na wimbo wa hasira juu ya meneja wa zamani. Malenga wa mwambao, waliorithi mashairi ya kujibizana na kupigana vijembe, wangeutambua mara moja ulikotoka.

Na humo ndimo ulimo wimbo ambao wauza hadithi huanzia nao. "Bohemian Rhapsody" ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Una urefu wa dakika 5 na sekunde 55, umbo lake lina sehemu zinazotofautiana kwa mahadhi na mwendo, na hauna kibwagizo. Sauti za Mercury, May na Taylor zilirekodiwa tabaka juu ya tabaka, kazi ya wiki kadhaa katika studio zaidi ya moja, hadi kanda ikachakaa kwa kupitishwa mashinani mara nyingi mno; mtayarishaji wao, Roy Thomas Baker, alisimulia kuwa ilikuwa ikipitisha mwanga.

Mwaka 2023 mswada wa wimbo huo uliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini London kwa zaidi ya pauni milioni 1.3. Ni kurasa 15, zilizoandikwa kwa mkono juu ya karatasi za shirika la ndege la British Midland. Humo kuna mistari iliyokatwa, maneno yaliyohamishwa, na jina la wimbo lenyewe lililobadilishwa: mtunzi aliandika kwanza "Mongolian Rhapsody", akalikata neno la kwanza, akaandika juu yake lile ambalo dunia nzima inalijua. Wale wanaoamini kuwa utunzi ni kushukiwa na kupokea, na waitazame karatasi hiyo. Ilhamu timilifu haina haja ya kukata neno. Aliyekata ni fundi aliyekuwa akitafuta.

Watetezi wa kipaji wana jibu lao, nalo lastahili kusikilizwa. Watasema: wapo maelfu waliofanya mazoezi zaidi, wakakesha zaidi, wakakata maneno zaidi, na hapana aliyeimba kama Mercury. Ni kweli. Tangu alipofariki mwaka 1991 wengine wamesimama mahali pake jukwaani, wala hapana aliyedai kulijaza pengo. Hoja hapa si kuwa kipaji hakipo. Hoja ni kuwa kipaji ndicho kitu pekee katika habari hii ambacho hakifundishiki, na kwa hiyo ndicho kisichomfaa lolote kijana anayeisikiliza. Ukimwambia mtoto wa Makunduchi au wa Wete kuwa Mercury alizaliwa na sauti, umemwambia akae angoje kuona kama naye amezaliwa nayo. Ukimwambia kuwa Mercury alishindwa na makundi matatu, akauza nguo sokoni, akarekodi usiku, akakata maneno, akajitafutia mwanasheria, umempa njia ya kupita. Kisiwa cha karafuu kinapaswa kulielewa hilo kuliko nchi nyingine yoyote. Mkarafuu huatikwa, hupaliliwa na kungojewa miaka kadhaa kabla ya kuchumwa kikonyo cha kwanza, na hapana mkulima aliyeuchuma kwa kuusifu.

Wala kosa hili halikuanza kwa Mercury. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na hadithi inayopendwa juu yake ni ya mwanamke fukara aliyejaaliwa koo. Mara ngapi hutajwa pamoja naye Subeti bin Ambari, Mbaruku Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, waliopiga, kutunga na kukesha naye? Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905, na kilichoidumisha zaidi ya karne nzima ni jioni za mazoezi katika klabu, ambazo hakuna mgeni anayelipa kuja kuzitazama. Sanaa ya mwambao imekuwa ya vikundi tangu asili yake, kisha ikasimuliwa kana kwamba ni ya mtu mmoja mmoja. Kwa kusimulia hivyo, wengi wamedhulumiwa wakiwa hai na wakadhulumiwa tena baada ya kufa.

Katika ushairi ugonjwa huo una sura nyingine. Kuna mashairi yanayopelekwa kwa wahariri yakiwa na vina vilivyolazimishwa na mizani iliyopungua, na mwenyewe akirejeshewa hutoa hoja moja: ndivyo lilivyonijia. Kama ndivyo lilivyokuja, basi limekuja nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa jukumu la mwenye kalamu. Washairi wakubwa wa pwani walijadiliana beti zao barazani, wakapingwa, wakarekebisha. Hata mgogoro wa miaka mingi baina ya watetezi wa vina na watetezi wa mashairi huru umesahau jambo hili. Wimbo usio na kibwagizo uliyatikisa mazoea mwaka 1975 kwa sababu watungaji wake walikwisha kutoa albamu tatu wakiyajua mazoea hayo nje na ndani. Anayeivunja kanuni aliyokwisha kuimiliki amefungua njia. Anayeivunja kwa kuwa imemshinda amejificha tu.

Nalo suala la mkataba ndilo zito kuliko yote. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na chombo cha kuisimamia kimeundwa kwa mujibu wake. Sheria hiyo ni kufuli zuri. Lakini anayetia saini karatasi asiyoisoma amemkabidhi mwenzake ufunguo, na hakuna mahakama itakayomrudishia usingizi wake. Waimbaji wangapi wa taarabu na bongofleva wamesikia sauti zao zikiuzwa wakiwa hawajui zinauzwa kwa bei gani wala na nani? Watunzi wangapi wa maneno hawatajwi hata jina katika kanda? Ndani ya Queen kwenyewe, kwa miaka mingi mrabaha ulikwenda kwa aliyeandikwa kuwa mtunzi wa wimbo, na jambo hilo lilizusha manung'uniko. Ilifika mwaka 1989 ndipo walipokubaliana kila wimbo uandikwe kwa jina la bendi. Ikiwa watu wanne waliosoma vyuoni, wenye wanasheria London, walihitaji miaka hiyo yote kuipata haki baina yao wenyewe, kikundi cha vijana wa Ng'ambo kinachogawana mapato kwa kuaminiana tu kinalala mlango wazi.

Basi wenye makumbusho na wenye kutembeza wageni hawaombwi walifute jina la Mercury, wala wapinzani wake hawaombwi wabadili imani yao. Yanayodaiwa ni mengine. Ukutani karibu na picha ya mtoto wa Unguja na iwekwe habari ya De Lane Lea, ya usiku wa Trident, ya pauni 60 na ya jina lililokatwa katika mswada. Mashindano ya ushairi na yamdai mshindani rasimu zake pamoja na shairi lililokamilika. Klabu za muziki na ziandike, kabla ya onyesho la kwanza, nani ni nani na nani atapata nini. Na anayemsifu kijana kwa kipaji chake na amuulize hapo hapo: umelirudia mara ngapi?

Farrokh Bulsara aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka 17 ambaye nje ya jamaa na wanafunzi wenziwe hakuna aliyemjua. Wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza Uingereza miaka 11 baadaye. Kila mmoja wa miaka hiyo 11 una kazi inayoweza kutajwa kwa jina, mahali na watu walioifanya pamoja naye. Kisiwa kilichomzaa kimechagua kuusimulia usiku mmoja wa kuzaliwa, ambao yeye hakuufanyia juhudi yoyote, na kimeinyamazia miaka ambayo aliifanyia juhudi zote.